Anasukumwa au Anakwenda?

Nilipoanza kazi ya maabara mwaka 1984, hospitali yetu ya wilaya ilikuwa na hadubini mbili. Ya kwanza ilitumia umeme, siku ambazo umeme ulikuwapo. Ya pili ilikuwa na kioo chini yake. Ulikigeuzageuza mpaka kidake mwanga wa dirishani, na wingu likipita unakaa unalisubiri liondoke. Hiyo ya kioo ndiyo niliyopewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Wiki ya pili nikaletewa mkojo wa mama mjamzito. Nikadondosha tone kwenye slaidi, nikafunika, nikaweka lenzi ya 40. Vijiti vidogo vilikuwa vinachezacheza mbele ya macho yangu. Nikaandika kwa mwandiko safi kabisa: bakteria wapo, tena wanatembea. Mzee aliyekuwa mkuu wa maabara akaisoma karatasi, akainamia hadubini yangu, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Binti yangu,” akasema bila kuinua kichwa, “huyu anasukumwa. Haendi.”

Akanieleza. Maji unayoyaona yametulia hayajatulia. Molekuli zake zinagongana usiku na mchana, na kitu kidogo kikiwa katikati yake hupigwa vikumbo kutoka kila upande, kama mtu mfupi kwenye mlango wa daladala saa kumi na moja jioni. Vumbi litacheza. Mdudu aliyekufa jana atacheza. “Ukitaka kumjua anayekwenda, chagua mmoja umng'ang'anie. Anayesukumwa utamkuta palepale. Anayekwenda atakutoroka.” Kisha akaichana karatasi yangu, nikaanza upya.

Nilistaafu mwaka 2021 nikidhani mdudu huyo nimemmaliza. E. coli ndiye aliyetuletea kazi nyingi kuliko wote kwenye meza ya mkojo, maana maradhi mengi ya njia ya mkojo, haya ambayo kila mtu siku hizi anayaita UTI, chanzo chake ni yeye. Nilimjua kwa umbo, kwa wekundu wake akishapakwa rangi, hata kwa harufu ya sahani alimooteshwa. Mwaka jana binti yangu, anayefundisha fizikia kidato cha tano na sita, akaja likizo na kitabu chembamba cha nakala ya fotokopi.

“Mama, kuna profesa wa fizikia aliishi na mdudu wako miaka hamsini.”

“Mdudu wangu yupi?”

“E. coli.”

“Fizikia ilikuwa inamtafuta nini E. coli?”

“Soma tu, Mama.”

Nimesoma. Kurasa nyingine hesabu zake zimenishinda, nikamwita anikalie ubavuni kwenye mkeka anifafanulie, na tukaishia kutafuta makala zake nyingine pia. Kitabu kinaitwa Random Walks in Biology, yaani matembezi ya kubahatisha katika baiolojia, na kilitoka mwaka 1983. Mwandishi wake ni Howard Berg.

Alizaliwa Iowa City, Marekani, mwaka 1934. Baba yake alikuwa mwanakemia wa mambo ya mwili katika chuo kikuu cha hapohapo. Kijana akasoma kemia California, akamaliza 1956, akakaa mwaka mmoja Denmark, akarudi kuanza udaktari Harvard. Baada ya miaka miwili akauacha udaktari, akahamia fizikia. Kwetu mtoto akifanya hivyo kikao cha ukoo kinaitishwa jioni ileile. Yeye akaenda kufanya shahada ya uzamivu chini ya Norman Ramsey, mtu wa saa za atomi ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Kazi yao ilikuwa saa inayoendeshwa na atomi za haidrojeni, saa ambayo kosa lake ni dogo kiasi kwamba mtu wa kawaida hana pa kulitumia. Berg alimaliza mwaka 1964.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Mtu aliyezoea kupima muda kwa ukali namna hiyo, ukimpa bakteria hakuulizi kwanza anaitwaje wala anauawa kwa dawa gani. Anauliza: anakwenda kasi gani? Kwa sekunde ngapi? Akisimama, anasimama baada ya umbali gani? Sisi wa hospitali hatukuwahi kuuliza hata moja kati ya hayo. Tuliandika alama ya kujumlisha moja, mbili au tatu, karatasi ikaenda kwa daktari.

Kwamba bakteria wanaogelea ni habari ya karne ya kumi na saba. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwaona kwa lenzi alizozisugua mwenyewe. Na miaka ya 1960 Julius Adler, huko Wisconsin, alikuwa ameonyesha kwamba E. coli wanafuata wanachokipenda. Alitia sukari au asidi amino kwenye mrija mwembamba sana, akauchovya penye bakteria, akasubiri, kisha akahesabu wangapi wameingia. Kazi nzuri. Lakini ilikuwa hesabu ya kundi. Ni sawa na kusimama nje ya uwanja wa mpira na kuhesabu waliopita getini. Utajua wamekuja wangapi, hutajua mmoja wao alipita njia ipi, alisimama wapi, aligeuka mara ngapi. Berg alitaka kumfuata mmoja.

Hapa ndipo nilipompenda yule mtu, maana vidole vyangu vinajua ugumu wake. Ukimwona bakteria anayekwenda, mkono wako mmoja uko kwenye skrubu ya kusogeza slaidi na mwingine kwenye skrubu ya kulenga. Akienda kushoto unasogeza, lakini naye haogelei kwenye karatasi, anaogelea ndani ya maji yenye kina. Akizama kidogo tu, anakuwa ukungu. Ukimrudisha, umemchanganya na mwenzake. Katika miaka 37 sidhani kama nimewahi kumshika mmoja dakika nzima.

Berg akaunda hadubini inayomfuata mdudu yenyewe. Taswira ya bakteria iliangukia kwenye nyuzi za kioo zilizopeleka mwanga kwenye vipokea mwanga. Bakteria akisogea kidogo, juu au chini, kulia au kushoto, mwanga ulizidi kwenye uzi mmoja na kupungua kwenye mwingine. Mitambo ikaing'amua tofauti hiyo na kukisogeza kijichumba cha maji ili mdudu arudi katikati. Kwa hiyo bakteria aliogelea na asiende popote, kilichokwenda ni chumba. Mtafiti hakuwa na haja ya kumkodolea macho mdudu. Alichohitaji ni kusoma chumba kimesogezwa kiasi gani, na hiyo ndiyo ikawa ramani ya safari ya bakteria, pande zote tatu. Maelezo ya chombo hicho aliyachapisha mwaka 1971, akiwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder.

Mwaka uliofuata, yeye na Douglas Brown wakatoa matokeo katika jarida la Nature. Mchoro mmoja umekuwa maarufu: njia ya bakteria mmoja kwa muda wa sekunde 30 hivi. Ukiutazama bila maelezo utadhani mtoto amechezea kalamu. Mstari umenyooka kidogo, umekatika, umegeukia kwingine, umenyooka tena, umekatika. Mara 26 katika nusu dakika. Mbio ndefu kuliko zote ilichukua sekunde 3.6, na mwendo wa wastani ulikuwa maikromita 21 kwa sekunde. Maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Inaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba mdudu mwenyewe ana urefu wa maikromita 2. Anapita urefu wa mwili wake mara kumi kila sekunde. Mtu wa kimo cha kawaida angefanya hivyo angekuwa anakwenda kilomita 60 kwa saa, ndani ya maji.

Basi maisha yake yana vitendo viwili tu. Anakimbia moja kwa moja kama sekunde moja. Kisha anagaagaa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mwili ukipinduka ovyo. Halafu anakimbia tena kuelekea upande aliojikuta anautazama. Upande huo hauchagui. Hana usukani.

Nikamuuliza binti yangu: kama hana usukani, sukari anaipataje?

Akaniambia nifumbe macho nijione niko sokoni, sioni kitu, na mahali fulani pana mtu anakaanga samaki. Natembea hatua kadhaa, nasimama, nazungushwa kama mtoto mchezoni, naachiwa niende popote ninapoelekea. Nikifanya hivyo siku nzima sifiki. Lakini sasa nipewe sheria moja: harufu ikizidi ninapotembea, nicheleweshe kusimama. Basi. Harufu ikipungua, niendelee na utaratibu wangu wa kawaida. Nitapotea mara nyingi, ila mbio za kuelekea kwa samaki zitakuwa ndefu kuliko mbio za kumkimbia, na hatimaye nitafika kwenye kikaango. Ndivyo Berg na Brown walivyokuta. Bakteria anayepanda kuelekea penye chakula kingi hurefusha mbio zake. Anayeshuka hafanyi jambo kubwa, anaendelea kama ambaye hakusikia kitu. Habari njema anaitikia, habari mbaya anaipuuza. Wahenga waliposema mgaagaa na upwa hali wali mkavu hawakuwa na habari za E. coli, lakini wangemwona wangemtambua.

Lakini ili ujue harufu inazidi, lazima ukumbuke ilivyokuwa nyuma kidogo. Mdudu asiye na ubongo, asiye na hata mshipa mmoja wa fahamu, anakumbuka? Mwaka 1986 Berg na wanafunzi wake Jeffrey Segall na Steven Block walipima kumbukumbu hiyo. Walikuta bakteria analinganisha hali ya sekunde moja iliyopita na hali ya sekunde kama tatu zilizotangulia. Jumla sekunde nne. Zaidi ya hapo amesahau.

Kwa nini nne, isiwe dakika nzima? Jibu lilinirudisha kwenye kile kioo cha dirishani. Yule Mzee wetu alinifundisha kwamba wako wanaosukumwa na wako wanaokwenda, nami nikaishi miaka yote nikiwagawa hivyo. Kumbe anayekwenda naye anasukumwa. Molekuli za maji hazimwachi eti kwa sababu anajua kuogelea. Zinampiga vikumbo huku anakimbia, na hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba baada ya sekunde kama 10 zimeshamgeuza kwa pembe ya nyuzi 90 hivi. Hata angekataa kugaagaa, asingeweza kwenda moja kwa moja zaidi ya hapo. Sasa kumbukumbu ya dakika nzima ingemfaa nini, wakati njia anayoikumbuka si njia aliyomo tena? Wala kumbukumbu fupi mno haifai, kwa sababu molekuli za chakula zinamfikia mojamoja kwa kubahatisha, na lazima ahesabu za kutosha kabla hajaamini kwamba zimeongezeka kweli. Sekunde chache alizonazo ndizo zinazotosha kuhesabu kabla hajageuzwa. Sikutegemea kwamba kilichompangia mdudu wangu kumbukumbu ni mtikisiko uleule niliouandikia karatasi ya uongo.

Hesabu ya kuhesabu molekuli Berg aliifanya na mtu mkubwa kuliko yeye, Edward Purcell wa Harvard, aliyepata Nobel mwaka 1952 kwa kazi ya sumaku na viini vya atomi ambayo ndiyo iliyozaa mashine za MRI. Makala yao ya 1977 ina jambo ambalo bado nalitafuna. Kwenye ngozi ya bakteria kuna vipokezi, yaani protini zinazonasa molekuli moja ya chakula na kupeleka taarifa ndani. Je, vipokezi vijae sehemu gani ya ngozi ndipo mdudu apate nusu ya molekuli ambazo angezipata kama ngozi yote ingekuwa kipokezi? Mimi ningesema nusu. Wao walipata kwamba vipokezi elfu chache vilivyotawanywa vinatosha, na kwa pamoja vinafunika chini ya sehemu moja ya elfu ya ngozi.

Sababu yake ni mtindo wa kusambaa kwa vitu kwenye maji. Chukua kikombe cha chai, tia sukari, usikoroge. Kusambaa kwa umbali wa maikromita moja, molekuli ndogo inahitaji nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Kufika sentimita moja inahitaji saa kama 14. Umbali ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Kwa hesabu hiyo, chai yenye kina cha sentimita 10 ingekolea sukari baada ya karibu miezi miwili, kama maji yangekuwa yametulia kabisa na hakuna joto wala mkono wa kuyachanganya. Ndiyo maana Mungu akatupa kijiko. Kwa hiyo penye umbali mdogo, kusambaa ni kasi ya ajabu. Molekuli ikigonga ngozi ya bakteria na kukosa kipokezi, haiendi zake. Inayumbayumba hapohapo na kugonga tena na tena na tena, kama nzi na kioo cha dirisha, na katika kugonga huko hukutana na kipokezi. Mwenye duka moja zuri karibu na stendi hahitaji kumiliki mtaa mzima.

Purcell ndiye pia aliyeeleza, katika hotuba yake ya mwaka 1976, jinsi maji yanavyokuwa kwa kiumbe mdogo hivyo. Kwetu sisi maji ni mepesi: ukijisukuma ukutani ndani ya maji unateleza mbele. Bakteria akiacha kujisukuma, anasimama katika muda usiofika sehemu ya milioni ya sekunde, na umbali atakaoteleza ni mdogo kuliko upana wa atomi moja. Hakuna kuteleza. Kwake maji ni mazito kuliko lami kwetu. Ukimlaza samaki kwenye maji ya namna hiyo akapiga mkia kwenda na kurudi, angebaki palepale, maana kila anachokipata kwa pigo la kwenda anakipoteza kwa pigo la kurudi.

Basi bakteria anaogelea kwa kutumia nini? Ana nyuzi ndefu ubavuni, wastani nne hivi, ambazo wataalamu huziita flajela. Nyembamba mno, kwa hadubini yetu ya kawaida huzioni mpaka uzipake rangi maalumu zinenepe. Chuoni niliambiwa zinapunga kama mijeledi, nami nikawaambia hivyo wanafunzi wa mazoezi miaka na miaka. Naomba radhi kwao. Mwaka 1973 Berg na Robert Anderson walitoa makala, tena katika Nature, wakipanga ushahidi uliokuwapo tayari na kusema: hazipungi, zinazunguka. Kila uzi umesokotwa kama skrubu, na kwenye shina lake kuna mota inayouzungusha. Skrubu ikizunguka haina kwenda na kurudi, ndiyo maana inafaa kwenye maji mazito.

Watu wengi hawakuamini. Viumbe vina misuli, vina mikia, lakini gurudumu? Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon, huko San Diego, wakafanya jaribio ambalo hata mtoto angelielewa. Waliugandisha uzi wa bakteria kwenye kioo kwa kutumia kingamwili. Uzi ukiwa umeshikwa hauwezi kuzunguka, basi kikazunguka kilichobaki: mwili mzima wa mdudu, kama mwanamke aliyeshika mpini wa feni na feni ikaamua kumzungusha yeye. Berg akaichukua mbinu hiyo mara moja, akaitumia kupima tabia za mota, na hakuiacha tena.

Zikizunguka kinyume na saa, nyuzi zote hujisokota kuwa kamba moja na kumsukuma mdudu mbele. Hizo ndizo mbio. Mota zikigeuza mzunguko, kamba inafumuka na mdudu anagaagaa. Mwaka 2000 Berg, Linda Turner na William Ryu walizitia nyuzi rangi inayong'aa, wakazipiga picha zikifumuka, wakakuta kwamba uzi mmoja tu ukiasi unatosha kumpindua mdudu.

Mota yenyewe ina upana wa nanomita kama 45. Zaidi ya mota 20,000 zikipangwa mstari zinaenea katika milimita moja. Inazunguka mara 100 kwa sekunde mdudu anapoogelea, na mzigo ukiondolewa inafika karibu 300. Bodaboda ya jirani yangu ikikamuliwa mpaka ilie haifiki huko. Haichomi mafuta, mwaka 1977 Berg na wenzake walionyesha kwamba inaendeshwa na protoni zinazoingia kutoka nje ya seli, kama maji ya bwawa yanavyozungusha mtambo wa umeme. Protoni zaidi ya elfu moja kwa mzunguko mmoja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la 1984, mwaka niliopewa hadubini ya kioo. Berg na Steven Block walichukua bakteria wenye mota zilizokufa kwa sababu ya kasoro ya jeni, wakawabandika kwenye kioo, kisha wakawasha jeni nzima waliyokuwa wameitia ndani yao. Mdudu amesimama. Amesimama. Halafu anaanza kuzunguka polepole. Baada ya muda mwendo unaruka, kisha unaruka tena, na kila mruko ni sawa na uliotangulia. Maana yake mota ina vipande vya kusukuma vinavyoingia kimoja kimoja, kila kimoja na nguvu yake ileile, kama fundi anayekufufulia injini kwa kurudisha pistoni moja baada ya nyingine huku injini inanguruma. Ilikuwa inatengenezwa inapozunguka. Fundi wetu wa jenereta hospitalini angetoa chozi.

Mwaka 1979 alihamia taasisi ya California aliyosomea kemia, na 1986 akarudi Harvard, akawa profesa wa fizikia na wa baiolojia ya molekuli na seli kwa wakati mmoja. Tuzo alizipata, ile ya fizikia ya kibaiolojia yenye jina la Max Delbrück aliipokea pamoja na Purcell mwaka 1984. Sizihesabu, zinachosha. Kinachonishangaza ni kwamba katika nusu karne hakumwacha mdudu huyu. Wenzake walihamia kwenye maradhi makubwa yenye fedha kubwa, yeye akabaki na kijiti chenye nyuzi nne, akiuliza swali lililofuata lile la jana. Alifariki tarehe 30 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 87.

Alimtibu nani? Hakumtibu mtu. Nimeulizwa swali hilo na wenzangu wastaafu tulipokuwa tunakunywa kahawa, na walidhani wamenishinda. Nikawaambia mgonjwa wa UTI anayeanza kwa kuchomwa anapokojoa, wiki ya pili akaletwa na homa na maumivu ya kiuno, mdudu amepanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo, na alipanda dhidi ya mkondo wa mkojo. Flajela zake zilimsaidia kupanda. Sisi tulimwandikia alama mbili za kujumlisha na hatukujiuliza aliogeleaje.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwako unayesoma, ombi la mtu wa maabara. Ukiambiwa ulete mkojo, jisafishe kwanza, mwaga ule wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kopo safi ulilopewa, siyo kichupa cha dawa ya kikohozi ulichokisuuza. Ulete ndani ya saa moja. Penye joto na chakula E. coli hugawanyika kila dakika 20, na ukiuacha mkojo kwenye mkoba saa mbili ukipiga soga foleni, mmoja amekuwa 64 na jibu utakalopewa si lako. Ukishampa mtaalamu kopo, mwulize kama ana nafasi akuonyeshe. Akikubali, chagua mmoja, umng'ang'anie.